Nyuzinyuzi zitolewe au zisitolewe? Kupata wanga halisi kutoka kwenye lebo

Mama Rayan

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada kwa wanaozijua hesabu za wanga. Mtoto ana miaka 8, kisukari aina ya kwanza. Insulini ya chakula anachoma uniti 1 kwa kila gramu 12 za wanga, na uniti 1 humshusha sukari kama 5 mmol/L.

Nina pakiti mbili za biskuti ngumu za nafaka isiyokobolewa. Kwa macho na kwa ladha ni kitu kilekile, ila lebo hazipatani.

Ya Uingereza, kwa gramu 100: kalori 335, mafuta 1.5, wanga 63, katika huo sukari 1.5, nyuzinyuzi 16, protini 9.5.

Ya Marekani, kwa mlo wa gramu 30: kalori 100, mafuta 0.5, "Total Carbohydrate" 24, "Dietary Fiber" 5, sukari 0, protini 3.

Hiyo ya pili nikiigeuza iwe kwa gramu 100 inakuja wanga 80. Gramu 17 zaidi ya mwenzake! Kila mahali naambiwa "toa nyuzinyuzi upate wanga halisi". Nitoe kwenye zote mbili, kwenye moja, au niache? Na jambo la pili: unga una lebo, lakini ugali na chapati havina. Hapo mnahesabuje?

Lishe_Moro

Mama Rayan, ya Uingereza usitoe kitu. Ya Marekani toa.

Tofauti iko kwenye namna namba inavyopatikana. Marekani hawaupimi wanga wenyewe. Wanachukua uzito wote wa chakula, wanaondoa maji, protini, mafuta na majivu (yaani madini), na chote kinachobaki kinaitwa wanga. Nyuzinyuzi nazo zimo humo humo. Ulaya, chini ya Kanuni 1169/2011 ambayo Uingereza nayo iliendelea kuifuata kwenye lebo zake, wanga ni ule tu ambao mwili unaweza kuutumia, na nyuzinyuzi zina mstari wao pembeni. Kwa hiyo 63 ya pakiti ya kwanza imeshatolewa nyuzinyuzi kabla hujainunua.

Sasa ya pili: 24 toa 5 ni 19 kwa gramu 30, yaani 63.3 kwa gramu 100. Umeona? Biskuti ni zilezile kweli, na lebo zote mbili zinasema ukweli.

Uone kosa linagharimu nini. Chukua gramu 60 za biskuti za Uingereza. Wanga ni 37.8, insulini 3.15. Ukitoa nyuzinyuzi mara ya pili unabaki na 28.2, insulini 2.35. Pungufu ni uniti 0.8, na kwa mtoto anayeshuka 5 kwa uniti moja hiyo ni sukari kubaki juu kwa 4 mmol/L. Upande wa pili, gramu 60 za Marekani bila kutoa ni 48 badala ya 38. Hapo unazidisha uniti 0.8, na mtoto anashuka. Kosa la pili ndilo la hatari ya haraka.

Usitegemee kukariri nchi peke yake. Lebo yenyewe hujieleza ukiihoji kwa hesabu mbili.

Hesabu ya uzito: geuza kila kitu kiwe kwa gramu 100, kisha jumlisha mafuta, protini, wanga na nyuzinyuzi. Ya Marekani: 1.7 + 10 + 80 + 16.7 = 108.4. Gramu 100 za biskuti haziwezi kubeba gramu 108 za vitu, kwa hiyo nyuzinyuzi zimehesabiwa mara mbili, zimo ndani ya wanga. Ya Uingereza: 1.5 + 9.5 + 63 + 16 = 90. Kumi zinazobaki ni maji, chumvi na madini. Inaingia vizuri.

Hesabu ya kalori: mafuta × 9, protini × 4, wanga × 4, nyuzinyuzi × 2. Ya Uingereza inatoa 13.5 + 38 + 252 + 32 = 335.5, na lebo inasema 335. Imekubali ikiwa wanga uko pekee. Ya Marekani, ukizidisha 24 yote unapata 4.5 + 12 + 96 + 10 = 122.5, mbali na 100. Ukitumia 19 unapata 102.5, na kwa kuwa kule kalori zikizidi 50 hukadiriwa hadi kumi ya karibu, 100 ndiyo yenyewe.

abuu_maskati

Naongeza la nchi, maana huku Muscat rafu moja inabeba bidhaa za kutoka pande zote za dunia na najua Dar na Mombasa ni hivyo hivyo.

Kanada ni kama Marekani, nyuzinyuzi zimo ndani. Australia na New Zealand ni kama Ulaya. Bidhaa za Afrika Kusini nyingi zimeandikwa "glycaemic carbohydrate", na hilo ni jina la wanga ambao nyuzinyuzi zimeshatolewa, usiguse tena. Mwongozo wa Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, CXG 2-1985 (zamani CAC/GL 2-1985), ambao nchi nyingi huanzia hapo zinapoandika viwango vyao, nao unataka wanga bila nyuzinyuzi. Ila kiwango kusema na kiwanda kutenda ni mambo mawili. Bidhaa za India na za Ghuba zipitishe kwenye hesabu alizoeleza Lishe_Moro, kila moja peke yake.

Kuna alama ya macho inayosaidia ukiwa dukani. Kwenye jedwali la Kimarekani, "Dietary Fiber" imesogezwa ndani kidogo, chini ya "Total Carbohydrate", kama sehemu yake. Kwenye jedwali la Uingereza "Fibre" imeanza ukingoni sawa na "Carbohydrate", na iliyosogezwa ndani ni sukari tu. Tahajia yenyewe, "fiber" au "fibre", inadokeza lakini haithibitishi.

Angalia pia stika. Pakiti ya Marekani inayouzwa Ulaya mara nyingi hubandikwa jedwali jipya lililohesabiwa upya. Ukikuta majedwali mawili chagua moja ulifuate mpaka mwisho. Kuchukua wanga wa jedwali la chini na nyuzinyuzi za stika kunazaa namba isiyokuwepo popote. Na nembo ya TBS au KEBS haikwambii wanga umehesabiwa kwa njia ipi, usiitafsiri hivyo.

Kibo77

Mbona sisi tulifundishwa kwamba nyuzinyuzi hutolewa pale tu zinapozidi gramu 5, na hata hapo unatoa nusu? Kutoa zote naona ni hatari.

Lishe_Moro

Kibo77, kanuni hiyo ipo na imefundishwa sana kwenye kliniki, lakini ilitungwa kwa lebo za Kimarekani. Kuipeleka kwenye pakiti ya Ulaya ndiko kunakoleta matatizo.

Kwa lebo ya Marekani, kutoa zote au nusu kunategemea uwiano wa mtoto ulipatikana vipi. Uwiano wa 1 kwa 12 si sifa ya mwili peke yake, ni sifa ya mwili pamoja na namna mnavyohesabu. Kama kliniki iliurekebisha wiki nyingi huku nyumbani mkihesabu bila kutoa nyuzinyuzi, basi zile gramu za ziada zimeshaingia ndani ya uwiano. Siku mkianza kutoa, insulini itapungua kwa kila mlo wenye maharage, dona au nafaka nzima. Chagueni njia moja, mwambieni daktari au muuguzi wa kisukari ni ipi, na uwiano upimwe kwa njia hiyo. Mimi napendelea wanga bila nyuzinyuzi kwa sababu ndiyo njia pekee inayofanya pakiti za nchi mbili zilingane, kama tulivyoona hapo juu.

Kwa vyakula vyenye nyuzinyuzi chini ya gramu 3 kwa mlo msiumize kichwa. Kwa uwiano wa 1 kwa 12 hiyo ni robo ya uniti, na peni ya mtoto inaenda kwa nusu uniti.

Mama Rayan

Asanteni sana, hii imekaa vizuri kichwani. Nimejaribu kwenye biskuti za India: kwa gramu 100 kalori 454, mafuta 14, wanga 74, nyuzinyuzi 7, protini 8. Hesabu ya kalori imenichanganya.

Lishe_Moro

Anza na uzito: 14 + 8 + 74 + 7 = 103. Imepita 100, na hatujaweka maji wala chumvi. Nyuzinyuzi zimo ndani. Wanga wa kutumia ni 67.

Kalori zimekuchanganya kwa sababu 126 + 32 + 296 = 454 kamili. Aliyetengeneza lebo alizidisha wanga wote kwa 4, nyuzinyuzi zikiwemo, akaishia hapo. Lebo ya namna hiyo ukiihoji kwa kalori tu inaweza kukudanganya kwamba wanga uko pekee na nyuzinyuzi zimepewa sifuri. Ndiyo maana kwa vyakula vikavu uzito ndio unaoamua.

Kwa vyakula vyenye maji mengi ni kinyume chake. Maharage ya kopo hayawezi kufika 100 hata ukihesabu nyuzinyuzi mara mbili, maji yanaficha kosa. Hapo tumia kalori. Na kwenye kopo soma vizuri kama gramu 100 ni za maharage yaliyochujwa au pamoja na maji yake, maana tofauti hiyo ni kubwa kuliko ya nyuzinyuzi.

Dada_Mfamasia

Naomba niseme kuhusu vile vinavyouzwa maduka ya dawa kama "biskuti za wenye kisukari" au "bila sukari". Watu wanasoma mstari wa sukari, wanaona 0.6, wanampa mtoto bila insulini. Unga wa ngano uko palepale! Soma wanga wote kila mara.

Ugumu unaokuja ni polioli, yaani vitamu kama maltitoli, sobitoli, zailitoli na erithritoli. Ulaya na Marekani zote huzihesabu ndani ya wanga. Mfano: wanga 62 kwa gramu 100, polioli 18, na orodha ya viungo inataja maltitoli. Biskuti nne za gramu 8 ni gramu 32. Wanga 19.8, polioli 5.8. Maltitoli inameng'enywa kwa sehemu, kwa hiyo toa nusu, 2.9, unabaki na 17. Erithritoli peke yake ndiyo unayoweza kutoa yote, kwa kuwa inaingia kwenye damu na kutoka kwenye mkojo bila kugeuka sukari. Lebo isipotaja ni polioli gani soma orodha ya viungo. Zikiwa mbili zimechanganywa bila vipimo, toa nusu.

Bidhaa za Marekani sasa zina alulosi pia, kitamu kingine. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya kule, iliruhusu isihesabiwe kwenye mstari wa sukari, lakini imo ndani ya "Total Carbohydrate". Hiyo nayo itolewe yote, kama kiasi chake kimeandikwa.

Maandishi makubwa ya mbele yanayotangaza "net carbs", yaani wanga halisi, yaacheni. Marekani hayana maana ya kisheria, kila kiwanda kinatoa kinachotaka. Geuza pakiti, hesabu mwenyewe.

Na vipakiti vidogo vya kutia utamu kwenye chai: kule kikiwa na chini ya gramu nusu ya wanga kwa mlo huruhusiwa kuandika 0, na chini ya gramu 1 huandikwa hivyo hivyo, "chini ya gramu 1". Kipakiti cha gramu 1 kilichojazwa dekstrosi au maltodekstrini kina karibu gramu 0.9. Kimoja si kitu. Ukiweka kumi kwenye jagi la juisi umeweka gramu 9 ambazo lebo haikukuonyesha.

mizani_ya_jikoni

Nachukua swali la ugali na chapati, maana huko ndiko wanga mwingi wa mtoto unakotoka.

Namba ya kutafuta ni wanga katika gramu moja ya chakula kilichopikwa. Kwanza pima sufuria tupu na mwiko wake, andika kwa kalamu isiyofutika chini ya mpini. Tuseme ni gramu 620. Pima unga unaotia: gramu 500. Lebo ya unga inasema 76 kwa 100, basi sufuria nzima ina wanga 380. Maji hayana wanga, usiyapime. Ugali ukiiva, kabla ya kuupakua, pima sufuria na vyote vilivyomo: 2,050. Toa 620, ugali ni 1,430. Gawa 380 kwa 1,430 unapata 0.266. Bonge la mtoto likiwa gramu 180, wanga ni 48.

Wanapokosea wengi: wanapima unga mkavu wa familia kisha wanagawa kwa idadi ya watu, wakati mabonge hayalingani. Au wanachukua 76 ya kwenye pakiti wanazidisha kwa gramu 180 za ugali uliopikwa, wanapata 137. Hiyo ni karibu mara tatu, na insulini yake ni ya kumpeleka mtoto hospitali. Namba ya pakiti ni ya unga mkavu, siku zote, isipokuwa lebo iseme wazi "kilichopikwa".

Ukoko una wanga zaidi kwa gramu kuliko ugali laini kwa sababu maji yake yamekauka. Mtoto asipoukwangua, 0.266 inazidi ukweli kidogo tu, unaweza kuiacha. Akiupenda, ongeza gramu chache. Na ugali wa mtu anayesonga mgumu si wa anayesonga laini: mpishi akibadilika pima upya. Kwa uji pima kila mara, uzito wake haukai sawa siku mbili.

Dona na sembe msitumie namba moja. Dona lina nyuzinyuzi zaidi, na pakiti nyingi za kwetu hazina mstari wa nyuzinyuzi kabisa. Hapo angalia jedwali la vyakula la Kenya la 2018, linatoa wanga ambao nyuzinyuzi zimeshatolewa.

Chapati: hesabu kwenye donge, si kwenye chapati. Unga kilo 1 wenye wanga 74 kwa 100 una 740. Ukikata madonge 14 kwa mizani, yakilingana, kila moja ni 53. Mafuta na kukaanga vinabadilisha uzito wa chapati, wanga haubadiliki. Unga wa kunyunyizia ubaoni upime kabla na baada, uongeze uliotumika. Kama umeweka sukari au maziwa, jumlisha: kijiko cha chai cha sukari gramu 4, maziwa karibu gramu 5 kwa kila mililita 100.

Mama Rayan

Nimeelewa kabisa. La mwisho: programu ya simu inanipa wanga 10 zaidi kwa maharage kuliko jedwali la Kenya. Niamini ipi?

Lishe_Moro

Programu nyingi huvuta namba kutoka hazina ya vyakula ya serikali ya Marekani, na huko wanga ni ule wa "by difference", nyuzinyuzi ndani. Fungua maelezo ya chakula kwenye programu uone nyuzinyuzi ni ngapi. Ukizitoa, namba mbili zikikaribiana, umepata jibu. Zikibaki mbali, angalia kama moja ni ya maharage makavu na nyingine ya yaliyochemshwa. Tatizo la programu nyingi ni kwamba watumiaji nao huingiza pakiti za kwao, wengine za Ulaya, wengine za Marekani, zote kwenye orodha moja. Ukiipata pakiti yenyewe mkononi, ifuate hiyo.

Dada_Mfamasia

Mama Rayan, hesabu hizi zote ni za kuchoma insulini. Kwa kuinua sukari iliyoshuka soma lebo tofauti kidogo: angalia mstari wa sukari, na angalia kwa mililita 100, si kwa chupa. Soda yenye gramu 10 kwa 100 unahitaji mililita 150 kupata gramu 15. Lakini viwanda vinapunguza sukari bila kubadilisha sura ya chupa. Lucozade ya Uingereza ilipunguzwa kwa zaidi ya nusu mwaka 2017, na vipimo vya zamani vilivyokuwa kwenye karatasi za kliniki vikawa havitoshi. Kiasi ambacho kliniki imempangia Rayan kiandike kwa gramu za sukari, kisha kila unaponunua soda mpya hesabu mililita upya kutoka kwenye chupa hiyo. Shuleni kwake bandika karatasi yenye mililita za aina ile tu iliyoko kwenye mkoba wake.